Nakala ya Mjibu Rufani

Wajukuu zangu mlioajiriwa juzi kwenye ofisi za mawakili, nasikia siku hizi rufani inafunguliwa kwa kubonyeza tu, karani hajainuka hata kwenye kiti. Vizuri. Sina wivu. Mgongo wangu huu uliinamia mashine ya taipu mpaka ukazoea kuinama, na sitaki wa kwenu uwe hivyo. Ila msidhani kwamba kwa kuwa mashine imebadilika, makosa nayo yamestaafu. Makosa bado yako kazini, na mengine ni yale yale yangu.

Mimi nilikuwa karani wa wakili mmoja tu maisha yangu yote, Bwana Chagani, Mhindi wa hapa hapa Tabora, aliyezaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake na kukua akiongea Kinyamwezi cha kununulia karanga. Niliingia kwake nikiwa msichana wa Cheyo niliyefundishwa taipu na masista, nikatoka na mvi. Katika miaka hiyo nilitengeneza vitabu vingi vya rufani vilivyokwenda mahakama ya juu kabisa, kwanza ile tuliyokuwa tukichangia na majirani zetu, halafu Jumuiya ilipovunjika, hii yetu wenyewe. Nasema bila haya kwamba nilikuwa mzuri. Kitabu changu kilikuwa kikitua mezani unajua ni cha Milembe kabla hujasoma jalada.

Mnajua kitabu cha rufani kilivyokuwa? Unapiga taipu mwenendo wote wa shauri, tangu siku ya kwanza mahakama ya chini mpaka neno la mwisho la Jaji, na pembeni mwa kila ukurasa unaweka namba kila baada ya mistari kumi, ili wakili akisema "ukurasa wa arobaini, mstari wa ishirini," majaji watatu waweke vidole mahali pamoja. Halafu unashona. Kushona nilifundishwa na fundi viatu wa sokoni, kwa msumari na uzi wa katani uliopakwa nta ya nyuki. Vitabu vya wenzangu vilifika Dar es Salaam vimeachia kurasa njiani kama kuku anayenyonyoka. Changu ungeweza kumpigia mtu kichwani na kisiachie hata karatasi moja. Sijawahi kujaribu, ingawa wateja wawili watatu walinitamanisha.

Na karatasi za kaboni je? Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, sembuse kaboni. Kaboni ikichoka, nilikuwa naianika juani dirishani dakika chache, wino unalainika, unapata nakala nyingine tatu nne. Bwana Chagani alikuwa akiingia ofisini anakuta kaboni zimepangwa dirishani, anasema, "Milembe, leo umeanika dagaa?" Kila mara hiyo hiyo, miaka na miaka, na kila mara nilicheka kwa sababu alikuwa anafurahi nikicheka.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Mzee Sudi, karani aliyenitangulia, mtu wa kanzu na koti jeusi lililopauka mabegani. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kuhesabu siku. Siku hukumu inaposomwa haihesabiwi. Unaanza kesho yake. Taarifa ya kusudio la kukata rufani ina siku zake kumi na nne, na hazikungoji upone homa wala umzike shangazi. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la vitambaa, na kila shauri alilipa rangi yake ya penseli. Baraka za Mungu ziko tele, alikuwa akisema, lakini siku za rufani ziko kumi na nne.

La pili lilikuwa hili: karatasi ya mpinzani mpe mkononi. Usimwachie mkewe, usimwachie jirani, usiisukume chini ya mlango. Mpe mkononi, umwone uso, aweke sahihi au dole. "Kwa nini umwone uso, Mzee?" nilimuuliza. Akaniambia, "Kwa sababu siku ukimnyima karatasi ndiyo siku atakayoihitaji."

La kwanza nilishika. La pili, nitawaambia.

Alikuja ofisini mwanamke mmoja mjane wa Itetemia, jina lake Bi Kalunde. Mrefu, khanga mbili safi, anakaa kwenye kiti kana kwamba kiti ndicho mgeni. Shamba lake la Itetemia lilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu wa babu wa mumewe alikuwa mpagazi. Alipochoka kubebea watu pembe akatua mzigo pale, akajenga. Mpaka wa shamba upande wa kusini ndio ile njia yenyewe, bonde jembamba lililochimbwa na nyayo, ambalo mvua ikinyesha hugeuka kijito. Katikati ya shamba kulikuwa na makaburi matatu: la mumewe na ya wanawe wawili waliokufa kwa surua wiki moja.

Ilipokuja operesheni ya vijiji, Bi Kalunde alipakiwa kwenye lori na vyombo vyake, akashushwa kijiji kipya mwendo wa nusu siku. Alilima kule misimu minne, hakugomba na mtu. Mambo yalipolegea akarudi kwake. Akamkuta shemeji yake, Mzee Mihambo, mdogo wa marehemu mumewe, amepanda mihogo na michungwa shamba zima na kutundika mizinga ya nyuki kwenye miti. Mihambo alisema ardhi iliachwa, naye kapewa na kijiji. Kalunde alisema hakuiacha, alihamishwa. Akashinda Mahakama ya Mwanzo, akashindwa ya Wilaya, akashindwa tena kwa Jaji wa Mahakama Kuu.

"Sasa kumebaki wapi?" akamuuliza Bwana Chagani.

"Kumebaki Mahakama ya Rufani, mama. Lakini kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, ni lazima kwanza Jaji athibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria. Na safari ni ndefu."

"Nilipandishwa lori bila kuulizwa," akasema. "Hii ya kwenda kwa mguu wangu haiwezi kunishinda."

Jaji alithibitisha hoja: je, mtu aliyehamishwa kwa amri ameacha ardhi yake? Bwana Chagani alifurahi hata akatuma chai ya maziwa kwa wote, na maziwa wakati ule hayakuwa mchezo. Kusudio la kukata rufani nilikuwa nimeshampa Mihambo mwenyewe, mkononi, langoni kwa mahakama siku ya tatu. Alikuwa mtu mfupi, mikono ina makovu ya nyuki, mpole. Akaweka dole, akanishukuru, kama vile nimemletea barua ya mwanawe.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo makarani wanapokufa. Siku za kupeleka kitabu cha rufani ni sitini. Mahakama ikichelewa kukupa nakala za mwenendo, na ilikuwa inachelewa, zile siku za kungoja husamehewa. Lakini husamehewa kwa sharti: uwe umeandika barua ya kuomba nakala hizo mapema, na nakala ya barua hiyo umpe mpinzani. Barua moja, mistari sita. Niliipiga taipu na kaboni mbili: ya kwanza ya msajili, ya pili ya faili, ya tatu, iliyofifia, ya mjibu rufani.

Nikaenda Itetemia na nakala ya Mihambo. Sikumkuta. Alikuwa ameingia pori la asali, na wanaume wa kwetu wakiingia pori la asali hukaa huko wiki sita, saba, wanarudi wamejaa moshi na ndevu. Nikasimama pale uani na karatasi yangu. Jua la saa saba. Nikamwona Balozi Nkwabi anakuja.

Vijana hamkumjua balozi wa nyumba kumi wa enzi zile. Sukari ilipita kwa balozi, mgeni alipita kwa balozi, ugomvi wa mke na mume ulipita kwa balozi. Nkwabi alikuwa hodari kupita wote. Alikuwa na muhuri wake aliouchonga mwenyewe kwenye kisigino cha kandambili, na wino wa majani. Akanyoosha mkono.

"Ya Mihambo? Nipe mimi. Hapa hakuna karatasi inayonipita."

Akaandika nyuma ya nakala yangu, *Imepokelewa na Balozi,* akagonga kandambili yake. Nami niliyezoea kama kila mtu kwamba kitu kikishafika kwa balozi kimefika, nikaona kazi imekwisha. Nikarudi mjini natembea kwa raha. Sauti ya Mzee Sudi ilinigonga kidogo nilipofika kwenye mto, nikaiambia inyamaze, Mzee amestaafu.

Mahakama ilichukua miezi kutoa nakala. Nikatengeneza kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Ikapangwa siku Dar es Salaam. Bwana Chagani aliwaambia wenye shauri hawana haja ya kwenda, mawakili watatosha. Hakuna aliyemsikiliza. Siku ya safari nikamkuta Bi Kalunde kituoni, na Mzee Mihambo, wote wana tiketi za daraja la tatu, behewa moja na mimi. Bwana Chagani alikuwa daraja la pili na faili lake.

Kabla hatujafika Itigi, Bi Kalunde akafungua kikapu. Alikuwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, aliyoipika na karanga. Akanipa mimi, halafu akakata fungu kubwa zuri, akamnyooshea Mihambo.

"Kula, shemeji."

Mihambo akapokea kwa mikono miwili. Akatoa chupa ya asali, akamimina juu ya yake, akammiminia naye. Wakala pamoja. Watu waliokuwa karibu wangedhani wanakwenda harusini. Mihambo alipotoka kwenda kunyoosha miguu, nikamuuliza Bi Kalunde, "Mnashtakiana mpaka mahakama ya mwisho ya nchi, na mnalishana?"

"Kwani shauri langu liko tumboni mwake?" akanijibu, akafunga kikapu.

Ndani ya mahakama hatukumaliza hata nusu saa. Wakili wa Mihambo, kijana mwerevu aliyetoka Mwanza, alisimama akaweka pingamizi. Mjibu rufani hakupewa nakala ya barua ya kuomba mwenendo. Kwa hiyo siku za kungoja hazisamehewi. Kwa hiyo rufani imeletwa imechelewa. Jaji wa katikati akamgeukia Bwana Chagani, na Bwana Chagani akatoa nakala yenye muhuri wa Balozi Nkwabi. Jaji akaitazama. Akaigeuza. Akampa mwenzake. Mwenzake akauliza kwa upole kabisa, "Huu ni muhuri wa ofisi gani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Miaka yote ile kitabu changu kinasifiwa, na leo majaji watatu wa juu kabisa wanakagua kisigino cha kandambili, na aliyekileta ni mimi.

Rufani iliondolewa. Nje kwenye ngazi Bi Kalunde alinishika mkono.

"Ndiyo nimeshindwa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Kuondolewa si kushindwa. Mtu akishindwa, amekwisha. Akiondolewa, anaweza kuomba aongezewe muda na kurudi. Hawajalisikiliza shauri lako kabisa. Mimi ndiye niliyekosea. Karatasi ile nilitakiwa nimpe mwenyewe."

Akauachia mkono wangu. "Basi rekebisha," akasema.

Tuliporudi Tabora, Balozi Nkwabi alikuja ofisini kabla sijafungua madirisha. Habari zilikuwa zimemfika, na muhuri wake ulikuwa umetukanwa. Alikuwa na dawa: karatasi hakuifikisha, lakini yeye ataapa kwamba alimpa Mihambo ile barua mkononi, wiki ile ile. "Ninyi andikeni tarehe mnayotaka," akasema, "mimi nagonga."

Bwana Chagani alisafisha miwani yake, akaniangalia. Sitawadanganya kwamba nilikataa pale pale. Nilikaa na wazo lile siku nzima, nikapiga taipu nyaraka nyingine huku nalitafuna. Nilikuwa na mtoto anasoma, na sikujua kama wakili atanibakiza baada ya kuandika kwa mkono wangu kwamba nilizembea. Na Bi Kalunde je? Kiapo cha balozi kingemrudisha mahakamani bila shida.

Lakini mimi ni karani wa tarehe. Nikaanza kuitafuta tarehe ya kumpa Nkwabi, na kila niliyoigusa Mihambo alikuwa porini. Wenzake aliolala nao kambini wangeulizwa. Na hata wasingeulizwa, nilimwona Mihambo mbele yangu akipokea michembe kwa mikono miwili, nikaona aibu. Jioni nikaingia kwa Bwana Chagani nikamwambia nitaapa mwenyewe, na nitaandika yaliyotokea.

"Uzembe wa karani mara nyingi si sababu ya kutosha kuongezewa muda," akasema. "Unajua hilo."

"Najua. Nimezipiga taipu hizo hukumu mimi."

Akacheka. Halafu akasema kitu ambacho nimekitunza: "Basi andika na mimi sikukagua nakala. Karani wangu hasimami peke yake."

Nikaandika hati ya kiapo yenye aya tisa. Mimi Milembe, karani, mkazi wa Cheyo, naapa kwamba nilimkosa mjibu rufani nyumbani, kwamba nilijua natakiwa kumpa yeye, kwamba nilimpa mwingine kwa sababu jua lilikuwa kali na mazoea yalikuwa rahisi. Bwana Chagani alitaka kufuta jua. Nikamwambia liache, lilikuwepo.

Wakili wa Mihambo naye akaandaa kiapo kinzani. Aliandika vizuri, nilikisoma baadaye: mjibu rufani hakupata habari yoyote kwa miezi, akaamini kwa moyo mweupe kwamba rufani imeachwa, akaongeza michungwa, na sasa kumrudisha mahakamani ni kumwonea. Kingetuua hicho. Kilikuwa kimebaki kuapwa tu. Mihambo akasomewa aya kwa aya, kwa Kiswahili, akiitikia. Walipofika kwenye kuamini, akawasimamisha.

"Hiyo futeni," akasema. Haya nilisimuliwa na karani mwenzangu wa ofisi ile, aliyekuwepo.

"Ndiyo nguzo yetu, mzee," wakili akamwambia.

"Karatasi sikuipata, ni kweli. Lakini kuamini kwamba Kalunde ameacha, sijaamini hata siku moja. Yule haachi kitu. Nikiapa hivyo, Tabora nzima itanicheka."

Wakambembeleza, akakataa. Kiapo kinzani hakikuwasilishwa. Ombi letu lilipofika kwa Jaji halikupingwa. Akasoma aya zangu tisa, akasema uzembe ni uzembe, lakini haukufichwa, na upande wa pili hauna malalamiko. Akatupa muda. Nikashona kitabu upya, na safari hii nakala ya kila karatasi, hata barua ya kuulizia barua, nilimpelekea Mihambo mimi mwenyewe. Mara moja nilimfuata mpaka kambi ya asali, siku mbili kwa baiskeli na miguu. Akaweka dole lenye nta, akanipa sega nile njiani. Waraka ule umenata kwenye faili mpaka leo.

Rufani ikasikilizwa, na Bi Kalunde akashinda. Majaji walisema aliyepandishwa lori kwa amri hakuacha, na kwamba hakuna karatasi yoyote iliyoonyeshwa kwamba shamba lile liligawiwa. Mimi naijua hukumu ile kwa moyo, lakini sitawachosha.

Bwana Chagani alisema mpeleka hati wa mahakama ataifikisha hukumu kwa Mihambo. Nikasema hapana. Nikaenda Itetemia kwa miguu, jua lile lile la saa saba, nikamkuta Mzee Mihambo anachonga mzinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Leo tena umenifuata."

Nikampa mkononi. Hakujua kusoma, na hukumu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, akaniomba nimsomee. Nikakaa juu ya gogo nikamtafsiria kurasa zote, mpaka mwisho, mpaka lile neno linalosema shamba si lake. Akabaki ameshika tezo, hachongi.

"Makaburi yale," akasema, "miaka yote ile sikuyapitisha jembe. Nilikuwa nayafyeka kwa mkono. Hilo limeandikwa humo?"

Nilikijua kitabu cha rufani mstari kwa mstari, namba zake nilizipanga mimi. Lakini niliifungua tena hukumu, nikapekua, kwa sababu alikuwa ananitazama. Halikuandikwa. Hakuna aliyemuuliza, si wakili wake wala wetu.

"Halimo, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka dole lake. Nami nikakata njia nikaenda moja kwa moja kwa Bi Kalunde, aliyekuwa amepanga chumba upande wa pili wa barabara, nikamkuta anachambua mchicha. Nikamwambia alichosema shemeji yake, neno kwa neno, kwamba hakuyalima makaburi.

Hakuinua macho.

"Najua," akasema. "Ile michembe ya kwenye treni ulidhani nilimpa kwa nini? Rudi umwambie avune mihogo yake kwanza, mimi nitangoja."

Nikarudi kumwambia, mkononi hivyo hivyo.